Bilauri ya Asubuhi: Sharubati, Shibe na Mizani

Kiswahili hutenganisha kula na kunywa, na utengano huo huingia hadi chumba cha daktari. Mgonjwa anayejitahidi kupunguza uzito akiulizwa amekula nini asubuhi, mara nyingi hujibu: "Sijala kitu, daktari, nimekunywa sharubati tu." Kwa mujibu wa lugha amesema kweli. Kwa mujibu wa mwili, huenda ndiye aliyekula kuliko wote waliokaa naye kwenye benchi la kusubiri.

Sharubati nzito ya matunda yaliyosagwa, ambayo mijini imezoeleka kwa jina la smudhi, sasa ni kifungua kinywa cha nyumba nyingi zenye blenda. Msimu wa maembe unapofika, idadi ya wanaoitumia huongezeka maradufu, na sifa zake nazo huongezeka: kwamba inakata mafuta ya tumbo, inasafisha sumu, inatibu kisukari. Hakuna tunda, tangawizi wala limau linaloyeyusha mafuta ya tumbo, na kazi ya kuondoa sumu mwilini hufanywa na ini na figo bila kusubiri blenda. Hata hivyo, sharubati iliyotengenezwa kwa hesabu inaweza kweli kumsaidia mtu kupunguza uzito. Iliyotengenezwa bila hesabu humwongezea, na kwa baadhi ya wagonjwa humletea madhara yanayompeleka hospitali. Tofauti kati ya bilauri hizo mbili inafaa kuelezwa kwa vipimo.

Hebu tuanze na ile inayopendwa zaidi. Chukua ndizi mbivu mbili za wastani, kikombe kimoja cha vipande vya embe, bilauri ya juisi ya machungwa ya mililita 250, na vijiko vikubwa viwili vya asali "badala ya sukari". Ndizi hizo zina takriban kilokalori 210, embe 100, juisi ya machungwa 110, na asali karibu 130. Jumla ni kilokalori 550. Sukari iliyomo inazidi gramu 100, sawa na vijiko vya chai 25, ilhali protini haifiki hata gramu 7. Nishati hiyo inazidi ya andazi moja na kikombe cha chai ya maziwa, chakula ambacho mtu huyo huyo amekiacha kwa kuamini kwamba kinamnenepesha.

Asali inastahili neno la ziada, kwa kuwa wagonjwa wengi huiona kuwa tiba. Katika mwongozo wake wa mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani liliiweka asali katika kundi moja na sukari ya mezani na sukari iliyomo katika juisi za matunda, likashauri kundi hilo lote lisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana libaki chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima anayehitaji kilokalori 2,000, asilimia 10 ni gramu 50 na asilimia 5 ni gramu 25. Vijiko vikubwa viwili vya asali vina gramu 34 za sukari. Sukari iliyo ndani ya tunda zima haimo katika ukomo huo.

Kwa nini tunda zima lipewe heshima hiyo? Jibu limo zaidi katika shibe kuliko katika vitamini. Mwaka 1977 watafiti wa Bristol, Uingereza, walichapisha katika jarida la Lancet jaribio lililofanywa kwa watu kumi wenye afya. Kwa siku tofauti, kila mmoja alipewa matufaa mazima, matufaa yaliyopondwa, na juisi ya matufaa, vyote vikiwa na wanga ulio sawa, gramu 60. Juisi ilimalizika kwa kasi mara kumi na moja kuliko matufaa mazima, na mara nne kuliko yaliyopondwa. Matufaa mazima yalishibisha zaidi, yaliyopondwa yakafuatia, juisi ikawa ya mwisho. Sukari kwenye damu ilipanda kwa kiwango kinachokaribiana kwa vyakula vyote vitatu, lakini baada ya juisi ilishuka kwa kishindo, na kwa kiasi kidogo zaidi baada ya matufaa yaliyopondwa. Waliokula matufaa mazima hawakupata mshuko huo. Mtu aliyekunywa juisi saa moja asubuhi na kufikia saa nne akaanza kutafuta kitafunwa ana sababu nzuri ya kufanya hivyo.

Zaidi ya miaka thelathini baadaye, mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania nchini Marekani walirudi kwenye tunda lile lile. Waliokula tufaa zima kabla ya chakula cha mchana walipunguza nishati waliyokula kwa asilimia 15. Juisi haikufanya hivyo, na hata ilipoongezwa nyuzinyuzi haikufikia shibe ya tunda. Kutafuna kuna thamani yake: huchukua muda, na muda huo ndio tumbo na ubongo huutumia kupeana habari.

Hapa lazima niitetee blenda kidogo, kwani mara nyingi huhukumiwa pamoja na kichujio. Juisi iliyochujwa huacha nyuzinyuzi kwenye chujio, nazo huishia kwenye pipa la taka. Sharubati iliyosagwa na kunywewa pamoja na makapi yake huzibakiza. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba mchanganyiko wa matunda uliosagwa pamoja na mbegu, zikiwemo za pasheni, ulipandisha sukari kwenye damu kidogo kuliko matunda hayo hayo yalipoliwa mazima. Huenda kusagwa kwa mbegu hutoa nyuzinyuzi na viambata vinavyopunguza kasi ya kufyonzwa kwa sukari. Kundi lililopimwa lilikuwa dogo, hivyo matokeo hayo si ruhusa ya kunywa jagi zima. Yanatosha, hata hivyo, kutufanya tuache kuzichuja mbegu za pasheni.

Kwa muda mrefu, ushahidi unaelemea upande wa tunda lenyewe. Utafiti mkubwa uliochapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2013 uliwafuatilia wahudumu wa afya wa Marekani zaidi ya 180,000 kwa miaka mingi. Waliokula zaidi matunda mazima, hasa zabibu, matufaa na jamii ya forosadi, walipata kisukari cha aina ya pili kwa kiwango kidogo. Waliokunywa zaidi juisi walikipata kwa kiwango kikubwa. Nao walikuwa wauguzi na madaktari, watu ambao tungedhani wanajua la kufanya.

Bilauri inayoshibisha

Sharubati ya kupunguza uzito hujengwa kuanzia kwenye protini, matunda yakafuata. Msingi wake uwe mtindi usiotiwa sukari au maziwa, usiwe juisi. Bilauri ya mililita 250 ya mtindi wa maziwa yasiyopunguzwa mafuta ina takriban kilokalori 150 na protini gramu 8. Ongeza kikombe kimoja cha vipande vya papai, chenye kilokalori kama 60, na nusu ya ndizi, yenye kama 50. Tia kijiko kikubwa kimoja cha siagi ya karanga isiyo na sukari, chenye kilokalori karibu 95 na protini gramu 4. Malizia kwa nusu tango pamoja na ganda lake lililooshwa vizuri. Jumla ni takriban kilokalori 370 na protini gramu 13, na sukari yake ni karibu gramu 30, ambayo sehemu kubwa inatoka kwenye matunda yenyewe. Hakuna iliyoongezwa. Kunywa taratibu, ukiwa umekaa, na pembeni uwe na yai moja la kuchemsha ili meno nayo yapate kazi.

Vipimo hivi si amri. Papai linaweza kupokewa na pera, nanasi au pasheni. Parachichi linafaa sana kwa shibe, kwa kuwa gramu 100 zake zina nyuzinyuzi gramu 7, lakini gramu hizo hizo zina kilokalori 160, na maparachichi yetu makubwa huwa na nyama ya gramu 200 na zaidi. Robo yake inatosha. Unga wa ubuyu mweupe ni mzuri: una nyuzinyuzi nyingi na ukali wake huchangamsha kinywaji. Ninazungumzia unga mkavu, si ubuyu mwekundu uliopikwa kwa sukari unaouzwa pwani na visiwani. Anayetaka kutumia vitamu visivyo na sukari badala ya asali ajue kwamba mwezi Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri visitumike kama njia ya kudhibiti uzito. Ulimi huzoea. Punguza utamu kidogo kidogo kwa wiki mbili au tatu, na embe bivu litaanza kuonekana tamu kupita kiasi.

Asiye na blenda hajapoteza kitu. Uji mwepesi wa ulezi uliotiwa karanga zilizosagwa na maziwa, bila sukari, hufanya kazi ile ile, na wazee wetu waliunywa kabla umeme haujafika kijijini. Tunda aliweke pembeni, alitafune.

Jambo moja husahaulika kuliko yote: bilauri hii ichukue nafasi ya kifungua kinywa, isiongezwe juu yake. Anayekunywa sharubati saa moja kisha akapata chapati na supu saa nne ameongeza mlo. Na asiyehisi njaa asubuhi, wala hatumii dawa zinazohitaji chakula, hana sababu ya kujilazimisha. Uchambuzi wa majaribio 13 uliochapishwa katika BMJ mwaka 2019 haukupata ushahidi kwamba kula kifungua kinywa husaidia kupunguza uzito; waliokila walikuwa na uzito mkubwa kidogo, kwa wastani wa nusu kilo hivi.

Pale dawa zinapokutana na bilauri

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike. Mgonjwa wa kisukari aliyezoea chapati mbili na chai yenye sukari, kisha akahamia kwenye bilauri kama niliyoieleza, amepunguza sana wanga wa asubuhi. Hilo ni jema. Lakini ikiwa bado anameza glibenklamidi au glimepiridi, au anajidunga insulini kwa dozi iliyopangwa wakati wa chapati, dawa haina habari kwamba mlo umebadilika. Itaendelea kushusha sukari kana kwamba chapati zimeliwa. Hatari hii humwandama hasa mgonjwa anayefuata ushauri wa lishe kwa bidii, na pengine ndiyo maana hutushtukiza.

Dalili zake ni jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa kali, kisha kuchanganyikiwa, na mwisho kupoteza fahamu. Nyumbani huweza kudhaniwa kuwa uchovu, "presha", au hata mashetani. Anayeweza kumeza na ambaye sukari yake iko chini ya milimoli 4 kwa lita apewe mara moja vijiko vya chai vitatu hadi vinne vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15, na akishapata nafuu ale chakula. Kama hakuna kipimo na dalili zipo, apewe sukari bila kusubiri. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu. Apelekwe hospitali haraka. Mzee, au mwenye figo dhaifu, anayetumia glibenklamidi asiruhusiwe kubaki nyumbani kwa sababu tu amezinduka, kwani dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka tena baada ya saa kadhaa. Metifomini peke yake ni nadra kusababisha hali hii.

Kwamba mlo wa kunywa unaweza kuwa na nguvu kubwa kumethibitishwa na utafiti wa DiRECT, uliofanyika Scotland na eneo la Tyneside nchini Uingereza na kuchapishwa mwishoni mwa mwaka 2017. Watu wenye kisukari cha aina ya pili kisichozidi miaka sita, na wasiotumia insulini, waliacha chakula cha kawaida kwa miezi mitatu hadi mitano wakatumia milo maalumu ya kimiminika, jumla ya kilokalori 825 hadi 853 kwa siku. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 yao hawakuwa tena na kisukari kwa vipimo, bila dawa, dhidi ya asilimia 4 ya kundi la kulinganisha. Matokeo hayo husimuliwa sana. Kisichosimuliwa ni kwamba dawa zao za kisukari na za shinikizo la damu zilisimamishwa siku ya kwanza, na waliozisimamisha walikuwa wataalamu waliowafuatilia. Kinywaji chenyewe kilikuwa na virutubisho vilivyopimwa. Asijaribu mtu kuuiga mpango huo kwa embe na mchicha, wala asiache dawa kwa uamuzi wake. Njia iliyo salama ni kuja kliniki na vipimo vya kinywaji chako kabla ya kuanza, ili dozi zipangwe upya.

Kwa wenye figo dhaifu, hesabu ni ya potasiamu. Ndizi mbili, nusu parachichi na bilauri ya madafu, mchanganyiko unaosifiwa sana ukanda wa pwani, hubeba karibu miligramu 1,900 za potasiamu. Figo nzima huiondoa bila taabu. Figo iliyochoka hushindwa, hasa kwa anayetumia enalaprili, losatani au spironolaktoni, dawa ambazo zenyewe huifanya potasiamu ibaki mwilini. Potasiamu ikizidi, mapigo ya moyo huvurugika, na mara nyingine dalili ya kwanza ndiyo ya mwisho.

Kuna pia okzaleti, iliyo nyingi katika mchicha na spinachi. Mwaka 2018 madaktari wa Marekani waliripoti habari ya mwanamke wa miaka 65 aliyekuwa akinywa sharubati za majani mabichi "kusafisha mwili". Alikuwa amewahi kufanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo na alikuwa ametoka kutumia antibaiotiki kwa muda mrefu, mambo mawili yanayoongeza ufyonzwaji wa okzaleti. Figo zake zilishindwa kazi kabisa. Karibu zaidi na sisi ni birimbi, lile tunda chachu tunalotia kwenye achari. Mwaka 2013 madaktari wa Kerala, India, waliripoti wagonjwa kumi walioharibikiwa figo ghafla baada ya kunywa juisi yake, ambayo huko hutumika kwa kutarajia kushusha lehemu. Kipande ndani ya achari si tatizo kwa mwenye figo nzima. Bilauri ya juisi yake asubuhi ni jambo jingine. Kuhusu mchicha, msimamo wangu ni wa kizamani: nafasi yake ni chunguni. Ukichemshwa na maji yake yakamwagwa, sehemu ya okzaleti huondoka nayo.

Anayetumia warfarini asianze wala kuacha majani ya kijani ghafla, kwa sababu vitamini K iliyomo hubadilisha nguvu ya dawa. Ale kiasi kile kile kila wiki na kipimo cha kuganda kwa damu kifuatiliwe. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wasiwekwe kwenye mipango ya kupunguza uzito kwa bilauri. Anayepungua bila kutaka hahitaji sharubati, anahitaji uchunguzi wa kifua kikuu, virusi vya Ukimwi, kisukari na saratani.

Usafi nao ni sehemu ya tiba. Maziwa yachemshwe kwanza, hata yale ya kugandisha mtindi, kwa sababu ya bruselosi na kifua kikuu cha ng'ombe. Mayai mabichi yasisagwe. Barafu itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa, na matunda yaoshwe kabla ya kumenywa. Blenda ifunguliwe hadi kwenye visu na kuoshwa kila inapotumika.

Kwa wahudumu wenzangu: tubadilishe swali. Badala ya "umekula nini?", tuulize "tangu uamke, ni kitu gani kimepita mdomoni mwako?" Maji, chai, soda, madafu na sharubati vyote vitaingia kwenye jibu. Kwa kukokotoa nishati, Majedwali ya Viini Lishe vya Vyakula vya Tanzania yaliyotolewa Dar es Salaam mwaka 2008 yana vyakula vyetu wenyewe na yanafaa kuwepo katika kila kliniki. Lengo la kwanza liwe asilimia 5 ya uzito. Kwa mtu wa kilo 80 hizo ni kilo 4, nazo hutosha kuanza kuonekana kwenye sukari na shinikizo la damu. Mgonjwa ajipime mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi kabla ya kunywa chochote, na aandike kando ya uzito huo kila alichokunywa, pamoja na vijiko vya sukari vya chai ya saa nne. Wiki nne zikipita bila mizani kusogea, aje na daftari hilo. Anayetumia dawa za kisukari asisubiri wiki nne. Arudi baada ya wiki moja, na aje na kipimo chake cha sukari.